Singa na Kipilipili: Gharama ya Kichwa Kimoja

Anayeanza kutengeneza nywele kwenye kompyuta huniuliza kwanza, nitumie programu gani? Nami humuuliza, nywele za nani? Mbuzi, binti mwenye singa mpaka mabegani na bibi mwenye kipilipili cha mvi ni hesabu tatu tofauti, na pengo kati yao ni kubwa kuliko pengo la bei za programu zenyewe.

Tuipige hesabu. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kompyuta huuhifadhi kila unywele kama mlolongo wa nukta, na kila nukta hubeba vipimo vitatu vya mahali ilipo pamoja na unene wake: baiti 16. Unywele wa singa unaoshuka tu unatosheka na nukta 8, kwa hiyo kichwa kizima kinachukua megabaiti 13 hivi. Kipilipili hakishuki, kinajizungusha. Kila mzunguko unataka nukta kama 8 ili usionyeshe kona, na unywele wa mizunguko 20 unafika nukta 160. Kichwa kilekile, nywele zilezile 100,000, sasa ni megabaiti 256. Mara 20. Bado programu haijajenga ramani ya kujua mwanga umegonga unywele upi, na ramani hiyo nayo hunenepa kadiri nukta zinavyoongezeka.

Ndiyo maana ukiwa na fedha kidogo, nakusihi uanze na memori ya kadi ya grafiksi. RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 kwa bei elekezi ya dola 329, ikiwa na gigabaiti 12. RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 ilitangazwa kwa dola 299, nayo ina gigabaiti 8. Ya pili ni mpya zaidi na ina kasi zaidi, lakini kwa kazi ya nywele mimi ningechukua ya kwanza, hata iliyotumika, mradi niione ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Kasi ikipungua, unangoja. Memori ikiisha, picha inakwama au kazi inahamia kwenye prosesa kuu, na iliyokuwa ya dakika inakuwa ya saa. Angalizo moja kwa mnunuzi: baadaye ilitoka 3060 nyingine ya gigabaiti 8 yenye jina lilelile. Usitoe hela kabla hujaisoma namba 12 kwenye kadi yenyewe.

Sasa programu. Blender ni bure, na si bure ya majaribio: tangu 2002, baada ya watu kuchangishana euro 100,000 kuinunua kutoka kwa wawekezaji, msimbo wake uko wazi kwa wote. Kwa nywele ilikuwa dhaifu kwa muda mrefu. Mfumo wake wa zamani, unaotumia chembe, ulikupa nywele elekezi 1,000, kila moja ikizaa 100 wakati wa kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, na kuzichana kulikuwa kama kuchana mtoto anayekimbia. Toleo la 3.3 la mwaka 2022 likaleta nywele za aina mpya unazozichana na kuzikata kwa brashi, na toleo la 3.5 la mwaka uliofuata likaongeza nodi zilizo tayari za kujaza, kukusanya, kuzungusha, kutimua na hata kusuka. Kwa mtu anayefanya kwa mapenzi yake, sioni sababu ya kulipia programu nyingine kabla hajaimaliza hii.

DAZ Studio nayo haina bei, ila duka lake ndilo lenye bei. Unachukua mtu aliye tayari, unamvika nywele zilizo tayari, unapiga picha. Kama unachotaka ni picha tuli ya jalada la hadithi yako, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote na sikuzuii. Fahamu tu mambo mawili. Injini yake ya kurenda, Iray, hutumia kadi za NVIDIA pekee, na usipokuwa nayo kazi yote inaelemea prosesa. La pili, nywele hutengenezwa kwa ajili ya kizazi fulani cha mwili. Mwili wa kizazi cha Genesis 9 ulipotoka mwaka 2022, nywele walizonunua watu kwa ajili ya Genesis 8 hazikukaa zenyewe kichwani bila marekebisho.

Houdini na Maya ni za wanaotafuta ajira. Houdini Apprentice hulipii, lakini picha inatoka na chapa na haizidi pikseli 1280 kwa 720. Leseni ya Indie, ambayo kwa miaka ilikuwa dola 269 kwa mwaka, na Maya Indie pia, ni kwa wenye mapato chini ya dola 100,000. XGen, zana ya nywele iliyomo ndani ya Maya, ilizaliwa Disney, na studio nyingi zinaitambua. Kama hakuna studio inayokungoja, pitia mbali.

Nirudi kwenye maduka, maana huko ndiko nilikoumia. Niliwahi kununua afro kwenye duka moja la mtandaoni kwa dola ishirini na kitu. Kwenye picha ya tangazo ilipendeza: kichwa cha mbali, mwanga umetoka nyuma. Nilipoisogeza kamera karibu na sikio nikaona vipande bapa, kila kimoja kimebandikwa picha ya mawimbi ya singa iliyokunjwakunjwa, vimepandana tabaka juu ya tabaka kama makuti. Kwenye kipaji na nyuma ya shingo palikuwa na mabaka meusi tii. Nilipoteza jioni nzima nikidhani mwanga wangu ndio mbaya. Kumbe Cycles, injini ya Blender, kwa kawaida huruhusu mwale upite tabaka 8 tu zenye uwazi, na la tisa huwa giza. Nilipopandisha kikomo mpaka 32 mabaka yakaondoka, lakini muda wa kurenda ukapanda pia. Vipande vya namna hii si vibaya: katika michezo ya video ndiyo njia yenye akili, kwa sababu picha sharti itoke makumi ya mara kwa sekunde. Ubaya ni kuuziwa hivyo kama nywele za kupigia picha ya karibu.

Tena maduka yamejaa singa. Utapata mikia ya farasi ya kila urefu kabla hujapata twende kilioni moja iliyosukwa na mtu anayejua njia huanzia wapi. A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliliona pengo hilo akaanzisha Open Source Afro Hair Library, maktaba ya nywele za Kiafrika zilizotengenezwa na wasanii weusi, huru kwa watu kuzitumia. Anza huko kabla ya kutoa kadi ya benki, na usome masharti ya kila faili.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, zijue siri mbili za kipilipili. Ya kwanza ni umbo la unywele wenyewe. Ukiukata na kuutazama kwa darubini, haufanyi duara bali yai lililobanwa. Tangu toleo la 4.0, mwishoni mwa 2023, Blender ina modeli ya mwanga iitwayo Huang inayokubali umbo hilo. Mwongozo wake unapendekeza uwiano wa 0.5 hadi 0.65 kwa nywele za Kiafrika, wakati inakuja imewekwa 0.85. Ibadilishe. Unywele bapa unaojizungusha huonyesha upande mpana, kisha mwembamba, kwa hiyo mng'ao unakatikakatika na kuwa vimulimuli vidogo. Usipobadilisha, kichwa kinang'aa utepe mmoja kama waya wa shaba.

Ya pili ilielezwa vizuri mwaka 2024 katika utafiti wa Darke huyo, Theodore Kim wa Yale na wenzao. Karibu na ngozi kila unywele unaelekea upande wake. Ukisonga mbele, nywele jirani zinakubaliana mzunguko na kuwa msokoto mmoja. Msusi yeyote anaujua ukweli huu kwa vidole. Kwenye Blender utauiga kwa kukusanya nywele katika mafungu kwanza, halafu kuzungusha fungu zima pamoja, huku mzunguko ukiuanzisha mbali kidogo na shina. Ukizungusha kila unywele peke yake unapata pamba.

Kusuka nako kuna mtego. Nodi ya kusuka inatoa msuko unaoning'inia, ambao kwa rasta unatosha. Twende kilioni inalala kichwani, kwa hiyo chora kwanza njia juu ya ngozi, mstari kwa mstari, toka kipaji mpaka kisogo, ndipo uupitishe msuko juu ya kila mstari. Na ngozi kati ya njia na njia sharti ionekane, ikiwa na malaika, vile vinyweleo laini, wachache pembeni ya uso. Bila malaika hao, kichwa kinakuwa kofia.

Mbuzi, kwa kulinganisha, ni nafuu. Manyoya mafupi yanataka nukta 4 au 5, na ingawa idadi ni kubwa, memori haiumii. Sulley wa Monsters, Inc. ya mwaka 2001 alikuwa na nywele zaidi ya milioni 2.3, wakati ambapo kompyuta za studio zilikuwa duni kuliko iliyo mezani kwako leo. Weka matabaka mawili, la chini laini na fupi, la juu gumu na la nadra, na punguza msongamano tumboni na masikioni.

Kuna gharama moja ambayo watu huisahau mpaka luku inalia. Sekunde 10 za filamu ni fremu 240. Kila fremu ikichukua dakika 5, ni saa 20 bila kuzima mashine. Kompyuta inayokula wati 350 itamaliza yuniti 7, na hiyo ni kama umepatia mara ya kwanza. Kisafisha chembechembe za picha kinaweza kupunguza muda, lakini ukikitumia kwenye fremu yenye sampuli chache mno kinadhani malaika ni uchafu na kuwafuta. Jaribu fremu tatu kwanza: ya mwanzo, ya katikati na ile ambayo kamera iko karibu zaidi na kipaji. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuambia kama ulale mashine ikifanya kazi au urudi kuchana.