Ng'ombe Aliyeishinda Tarakilishi

Chara, karibu na Garsen, Wapokomo hulima na Waorma hufuga. Hakuna asiyemjua ng'ombe. Hata hivyo, nilipowauliza wanafunzi wa huko neno hilo huandikwa kwa alama ngapi, darasa liligawanyika: sita ama saba?

Sisi wanaisimu twaiona ng' kuwa sauti moja. Tarakilishi haijui sauti. Huhifadhi mfuatano wa nambari, na ritifaa ina nambari yake. Iliyonyooka ni nambari 39, hutwaa baiti 1; iliyopinda hutwaa baiti 3 katika mfumo wa UTF-8. Kwa jicho neno ni moja. Kwa mashine ni maneno mawili. Isitoshe, lugha nyingi za programu huruhusu maandishi yafungiwe baina ya ritifaa mbili. Ng'ombe akiingizwa humo bila hadhari, hukatwa, ikabaki "ng" tu.

Wapo watungaji wa programu wanaoifuta ritifaa ili wapumue. Basi ng'oa hugeuka ngoa, nayo ngoa ni wivu! Je, jina la Ng'ang'a likipotoshwa katika orodha ya mtihani, alaumiwe nani? Si mtoto, wala si Kiswahili. Walimu, wafundisheni vijana kutunga programu zinazoitii lugha.