Amplifaya Ndogo ya Sinthesaiza: Kipi Kipunguzwe, Kipi Kisiguswe

Sinthesaiza ya moduli haiji na sauti iliyokwisha tengenezwa. Mchezaji huijenga mwenyewe kwa kuunganisha moduli kwa nyaya: osileta huzaa wimbi, filta hulichuja, na amplifaya huamua lisikike kwa nguvu gani na kwa muda gani. Osileta ikiachwa peke yake hulia mfululizo mpaka umeme uzimwe. Kinachoipa noti mwanzo na mwisho ni amplifaya inayotawaliwa kwa volteji, ambayo mafundi huifupisha VCA. Volteji kutoka moduli nyingine huifungua na kuifunga, kama mkono ulioshika koki ya bomba.

Robert Moog alianza kutengeneza moduli za namna hii Marekani mwaka 1964, kwa transista mojamoja na katika makabati makubwa. Leo mfumo ulioenea zaidi ni Eurorack, ulioanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katika miaka ya 1990. Kimo cha uso wa moduli ni milimita 128.5. Upana hupimwa kwa HP, na HP 1 ni milimita 5.08. Umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi. Kwa kuwa mchezaji huhitaji VCA nyingi kuliko anavyodhani, kila milimita ya upana ina thamani.

Tuchukue moduli ya HP 4 yenye chaneli mbili. Uso wake una takriban milimita 20 tu, nao ubebe vifundo viwili na soketi sita: kila chaneli na soketi ya kuingiza sauti, ya volteji tawala na ya kutoa sauti.

Uamuzi wa kwanza ni chipu. LM13700 ni nafuu na ina amplifaya mbili, lakini milango yake huvumilia milivolti chache tu kabla sauti haijachakaa. Wimbi la Eurorack, ambalo kwa kawaida huyumba kati ya volti 5 chanya na volti 5 hasi, lazima lipunguzwe mara mamia kisha likuzwe upya, na hapo mchakarisho hukua pamoja nalo. Chipu za jamii ya 2164 zina VCA nne ndani ya kipande kimoja na hupokea mkondo badala ya volteji, kwa hiyo rezista ya kiloomu 30 mlangoni yatosha kugeuza volteji ya wimbi kuwa mkondo. Kwa moduli ndogo, mimi huchagua 2164 bila kusita.

Lakini 2164 ina tabia yake. Volteji tawala ikiwa sifuri, sauti hupita yote. Kila milivolti 33 zinazoongezwa hupunguza desibeli 1. Mchezaji anatarajia kinyume: volteji ikipanda, sauti nayo ipande. Opampu moja hugeuza mwelekeo huo. Tena, sehemu mbili zilizobaki za chipu zaweza kuwekwa kwenye mzunguko wa kurejesha wa opampu ili kila chaneli ifunguke kwa mstari ulionyooka, jambo linalofaa pia pale VCA inapopunguza volteji tawala badala ya sauti. Hivyo chipu moja inatumika yote, na hakuna nafasi inayopotea.

Wabunifu wengi hukosea wanapoanza kubana. Hupunguza kapasita za nanofaradi 100 kando ya miguu ya umeme ya kila chipu, huondoa diodi zinazozuia umeme uliochomekwa kinyume, na husogeza vifundo hadi vidole vigongane. Hivyo visiguswe. Kinachopaswa kupungua ni ukubwa wa vijenzi: rezista na kapasita za kubandikwa juu ya bodi, na bodi mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine ili kina kisizidi milimita 30 na moduli iingie hata kwenye kasha jembamba.

Mkondo wa taa za kuashiria usirudi kupitia njia ya ardhi ya sauti, maana taa ikiwaka utausikia mlio wake. Volteji tawala ipite kwenye rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100. Ucheleweshaji wake ni takriban milisekunde 1. Haupunguzi ukali wa ngoma, lakini huondoa mlio wa "tik" unaozuka VCA inapofunguliwa ghafla.

Mwisho, chapisha kwenye bodi alama ya upande wa volti 12 hasi, ambako mstari mwekundu wa utepe wa nyaya hukaa. Alama hiyo haichukui nafasi yoyote, nayo huokoa moduli nzima. Ukibuni, anza na vidole vya mchezaji na usafi wa umeme. Upana ukikataa kutosha baada ya hapo, ongeza HP 2 na usione haya.