Mwale Mmoja, Kifuani na Angani

Huko Nyakunguru, katika wilaya ya Tarime, hapana haja ya kumweleza mtu kwamba kitu kisichoonekana kwa macho chaweza kuwapo. Kijiji hicho kimo katika ujirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, na nchi ya Nyamongo iliyo karibu nacho ni nchi ya mawe yenye mali ndani yake. Mchimbaji mdogo hutoka katika duara na gunia la mawe ambayo kwa mgeni ni mawe tu. Hayang'ai wala hayana sura ya utajiri. Yeye huyapeleka kwenye karasha, huyasaga mpaka yawe unga, huyaosha, na ndipo chembe ya njano inapojitokeza. Alijua tangu mwanzo kwamba imo.

Twaanza na jambo hilo kwa kuwa twataka kuzungumza na wafanyakazi juu ya kitu kingine kisichoonekana, kilicho karibu nao kuliko wanavyodhani, nacho ni mwale wa eksirei. Tumepata kuulizwa mara nyingi, na watu wenye akili zao timamu, kwamba mambo ya roketi na nyota yanamfaa nini mtu mwenye sururu mkononi. Swali hilo ni la haki, wala hatulibezi. Jibu letu ni kwamba mwale ule ule unaopigia picha kifua cha mchimbaji hospitalini ndio uliowaonyesha wataalamu mambo ya angani ambayo hapo kwanza hayakuwa yamewahi kuonekana na mwanadamu. Na tena sehemu kubwa ya kazi hiyo ya angani ilianzia pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa chombo chenye jina la Kiswahili.

Mwale huo uligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, aitwaye Wilhelm Röntgen. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa, nayo chupa ameifunika kwa karatasi nyeusi, akaona ubao uliopakwa dawa maalumu ukiwaka upande wa pili wa chumba. Kitu fulani kilikuwa kinapenya karatasi. Wiki chache baadaye aliuweka mkono wa mkewe mbele ya mwale huo, ikapatikana picha ya mifupa ya vidole na pete ikiwa juu ya mfupa. Kwa kuwa hakujua ni mwale wa namna gani, aliuita kwa herufi ile ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Wala hakujiandikia haki ya kumiliki ugunduzi wake ili kila atakayeutumia amlipe. Aliuachia walimwengu wote. Jambo hilo twalitaja kwa makusudi.

Namna unavyofanya kazi si fumbo. Nyama ya mwili huupitisha mwale huo kwa wepesi. Mfupa, kwa sababu ya chokaa iliyomo, huuzuia. Mapafu mazima yamejaa hewa, basi mwale hupita bila kizuizi na picha yake huwa nyeusi. Mahali palipojaa maji, usaha au kovu, mwale huzuiliwa, na picha huonyesha weupe. Mganga aisomaye picha ya kifua, kwa hakika, anasoma vivuli.

Sasa na tuinue macho juu. Mwezi wa Julai, mnamo saa tatu za usiku, mtu akisimama uwanjani pake Nyakunguru atalikuta kundi la nyota liitwalo Nge likiwa karibu na utosi wake, limeegemea kusini kidogo. Katika upande huo wa mbingu kuna kitu kitoacho miale ya eksirei kwa nguvu ya ajabu, na hata hivyo hakuna hata mwale mmoja wake umfikiao mtu huyo aliyesimama chini. Hewa ya dunia huinyonya yote. Ni heri yetu kwamba ni hivyo, maana miale hiyo ikizidi huudhuru mwili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wanadamu waliitazama mbingu kwa maelfu ya miaka pasipo kujua kwamba inawaka kwa mwanga wa namna hiyo. Ilibidi kwanza kupanda juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, mtaalamu mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, kilirusha roketi ndogo iliyokaa juu kwa dakika chache tu, ikakutana na mwanga huo wa upande wa Nge. Hata hivyo, mtu akichungulia dirishani kwa dakika chache hawezi kuhesabu watu waliomo nyumbani. Kilitakiwa chombo cha kukaa huko juu, usiku na mchana.

Chombo hicho kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini, karibu na Malindi, Kenya. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika ikweta mzunguko huo una mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Roketi irushwayo kuelekea mashariki karibu na ikweta hupewa msukumo huo bure, kama mtu arukaye kutoka katika gari liendalo mbio. Nyakunguru yenyewe iko karibu zaidi na ikweta kuliko Malindi, ila haina bahari upande wa mashariki ya kupokea vipande vya roketi vinavyoanguka. Siku ile ilikuwa sikukuu ya mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya. Bibi Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia kazi hiyo, alikipa chombo jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, pungufu ya magunia mawili ya mahindi.

Uhuru kilijizungusha polepole, kikiifagia mbingu nzima, na kwa muda wa miaka miwili na zaidi kikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Vingine vilikuwa vya ajabu kupita kiasi. Kimoja, katika kundi la nyota la Centaurus, kilikuwa kikipiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, tena kilijificha na kurudi kila baada ya siku mbili hivi. Wataalamu walifahamu ya kwamba hizo ni nyota mbili zizungukanazo: moja kubwa, ya kawaida, na nyingine iliyokufa na kujikunja mpaka uzito wake, unaopita ule wa Jua letu, ukakaa katika upana wa kilometa 20 hivi. Kilometa 20 ni mwendo wa asubuhi moja kwa mtembea kwa miguu. Nyota hiyo iliyokufa huinyonya gesi ya mwenzake, na gesi ianguliapo huko hupata joto la mamilioni ya digrii. Joto hilo ndilo litoalo eksirei.

Kingine, katika kundi la Cygnus, hakikuwa na pigo la namna hiyo. Kilimetameta ovyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kinachobadilika kwa haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Walakini mwaka 1971 na 1972 wataalamu walioitazama nyota kubwa iliyo jirani yake waliona inavutwa na kitu kizito mno, kizito kuliko nyota yoyote iliyokufa ya aina ile iwezavyo kuwa. Hilo likawa shimo jeusi la kwanza kusadikiwa kwa ushahidi: mahali ambapo uvutano ni mkubwa hata mwanga hautoki. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vyaonyesha kwamba uzito wake ni kama mara 21 ya Jua. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Chombo chenyewe kilinyamaza mwaka 1973, na mwaka 1979 kikaanguka hewani na kuteketea.

Twakiri kwamba habari hii hututia fahari na kijicho kwa pamoja. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, na ikweta ni yetu. Lakini mikono iliyofunga nyaya haikuwa yetu. Vijana wetu wa shule wapaswa kuambiwa yote mawili.

Lakini katika miaka hiyo hiyo palifanyika ugunduzi mwingine katika Afrika Mashariki, ambao haukuwa na moshi wala kishindo, nao umeokoa watu wengi sana. Hapo zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa kumeza dawa kwa muda wa miezi 18. Msomaji na afikiri mwenyewe ni wangapi, baada ya kikohozi kupoa na nguvu kurudi, wangeendelea kumeza vidonge kwa mwaka mmoja na nusu huku shamba likingoja na mshahara ukihitajika. Wengi waliacha njiani, na ugonjwa ukarudi. Basi madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambalo kitengo chake cha kifua kikuu kiliongozwa na Wallace Fox, walijaribu kwa wagonjwa wa nchi zetu kama miezi sita yatosha. Matokeo yalianza kutangazwa mwaka 1972. Waliopewa dawa mpya iitwayo rifampisini pamoja na zile za zamani, isoniazidi na streptomaisini, ni 3 tu katika kila 100 waliorudiwa na ugonjwa. Waliotumia zile mbili za zamani peke yake kwa miezi sita, walirudiwa 29 katika kila 100. Tiba ya miezi sita iliyoenea duniani kote baadaye imejengwa juu ya msingi huo. Watu waliousimamisha msingi kwa miili yao walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kwetu, waliokubali kudungwa sindano kila siku na kurudi kukohoa ndani ya kikopo ili wahesabiwe. Majina yao hayamo katika orodha ya tuzo yoyote.

Hapa ndipo tunarudi kwenye duara na karasha. Dhahabu mara nyingi hufuatana na jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, na jiwe hilo likitobolewa au kusagwa likiwa kavu hutoa vumbi la silika. Vumbi lionekanalo, lile la kufanya nyusi kuwa nyeupe, si baya kuliko yote. Pua na koo hulikamata. Lile baya ni jembamba mno, halionekani, nalo hushuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa huko. Mwili hushindwa kulitoa, hulizungushia kovu, na kovu likienea mtu hupungukiwa na pumzi hata kwa kupanda mlima mdogo. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Tena mapafu yenye vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko mapafu ya mtu mwingine. Kwa hiyo mchimbaji ana maadui wawili katika kifua kimoja, na mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Vyombo vya kuwatafuta maadui hao vimeendelea sana. Mashine za eksirei zipo sasa za kubebwa begani na kupelekwa kijijini, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kompyuta yaweza kuisoma picha ya kifua cha mtu wa miaka 15 na zaidi ili kumbainisha anayepasa kupimwa makohozi. Makohozi nayo, ambayo zamani yalitegemea darubini na macho ya mpimaji, hupimwa kwa mashine isomayo vinasaba vya vijidudu na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kuwatambua wagonjwa waliopitwa na vipimo vya hospitali. Jambo hili wapo wanaolicheka, lakini wagonjwa waliopatikana kwa pua ya panya hawalicheki. Dawa zenyewe hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Wapo pia wauogopao mwale. Hofu yao si upuuzi, maana wataalamu wa kwanza walioutumia bila kujikinga walipoteza vidole na maisha. Lakini picha moja ya kifua siku hizi humpa mtu kiasi cha miale ambacho ardhi na anga humpa kwa siku kumi hivi hata akiwa amelala kitandani kwake. Mama mja mzito na aseme kabla ya kupigwa picha.

Vumbi hukatwa kwa maji. Jiwe likilowanishwa wakati wa kutoboa na kusaga, silika ipandayo hewani hupungua sana. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, kwa kuwa lile vumbi jembamba hupita katikati ya nyuzi. Maji hayo yana gharama pale yanapochotwa mbali, na wenye maduara na makarasha ndio wanaopaswa kuibeba gharama hiyo, si kijana wanayemlipa kwa gunia.

Na kwa yule ambaye amekwisha kohoa kwa majuma mawili, tuna neno moja la kumwambia atakapofika zahanati, nalo ni kuitaja kazi yake kabla hajaulizwa. Kovu la silika na kovu la kifua kikuu hufanana katika picha. Mganga asiyejua kwamba aliye mbele yake ni msaga mawe aweza kumpa dawa za kifua kikuu miezi sita kwa ajili ya vumbi, au kuliona vumbi tu na kuwaacha vijidudu wakiendelea chini yake.