Kumuuguza Mtoto Aliyejengewa Sikio

Upasuaji wa kumjengea mtoto sikio la nje ni miongoni mwa kazi ngumu za tiba ya kurekebisha maumbile, kwa kuwa daktari hutakiwa kuchonga gegedu, yaani ile tishu imara inayopindika ambayo pia hujenga ncha ya pua, mpaka lipate mikunjo na mabonde ya sikio halisi, kisha alifunike kwa ngozi nyembamba ambayo haina budi kubaki hai. Kazi hiyo humalizika kwa saa kadhaa katika chumba cha upasuaji, ilhali kupona kwake huchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo mtoto huwa nyumbani mikononi mwa wazazi, ndugu na walimu ambao hawakusomea uuguzi. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya upasuaji huu hayaletwi na daktari peke yake, bali hutegemea pia namna mtoto anavyolazwa, anavyooshwa na anavyolindwa michezoni baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini.

Wapo watoto wanaopoteza sikio kwa ajali, kwa moto au kwa kuumwa na mnyama, lakini wengi wanaofikishwa kwa daktari bingwa huwa wamezaliwa na mikrotia, hali ambayo sikio la nje huwa dogo na lisilokamilika, pengine likabaki kijinyama tu chenye ndewe iliyopinda. Sikio lisipokuwepo kabisa, hali hiyo huitwa anotia. Tatizo hili huwapata takribani watoto 1 hadi 3 katika kila watoto 10,000 wanaozaliwa, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi huwa katika sikio moja, hasa la kulia. Sikio la nje huanza kuumbika karibu na wiki ya 6 ya mimba kutokana na vinundu 6 vidogo ambavyo hukua na kuungana, na jambo lolote linalovuruga muungano huo huacha alama ya kudumu. Zimo dawa chache zinazojulikana kuleta madhara hayo, kama thalidomidi iliyotumiwa na wajawazito mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi ilipoondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961, na yapo pia magonjwa ya kurithi yanayoambatana na mikrotia, lakini kwa watoto walio wengi hakuna chanzo kinachopatikana. Kwa hiyo kumlaumu mama kwa alichokula, alichokitazama au alikopita akiwa mjamzito ni kumwonea.

Njia inayotumika zaidi hadi leo ni kutumia gegedu la mbavu za mtoto mwenyewe. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyejipatia umaarufu Uingereza kwa kuwatibu askari waliojeruhiwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza, alieleza njia hiyo mwaka 1920. Radford Tanzer wa Marekani akaifufua na kuiboresha mwaka 1959. Burt Brent, naye wa Marekani, akaipangia hatua zinazoweza kuanza mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 6. Na Satoru Nagata wa Japani akazipunguza hatua hizo kuwa 2 katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1993, ila kwa njia yake husubiriwa mpaka mtoto afikie miaka 10 hivi na kifua chake kiwe na mzingo wa sentimita 60, ili gegedu litoshe. Njia nyingine, iliyoendelezwa na John Reinisch wa Marekani kuanzia mwaka 1991, hutumia kiunzi cha plastiki yenye vinyweleo, na faida yake ni kwamba huweza kufanywa mapema zaidi na haiachi kidonda kifuani. Hata hivyo kiunzi hicho kikifichuka ni vigumu kukinusuru, wakati gegedu la mtoto mwenyewe ni tishu hai inayoweza kupona inapojeruhiwa.

Mtoto aliyejengewa sikio kwa gegedu la mbavu huamka kutoka katika usingizi wa nusukaputi akiwa na majeraha mawili, moja kichwani na jingine kifuani, na wazazi wengi hushangaa kuona kwamba lile la kifuani ndilo linalomtesa zaidi. Sababu yake ni kwamba kifua hakipumziki: kila pumzi, kila kikohozi na kila kicheko huvuta mahali palipokatwa. Maumivu haya huwa makali katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua, na si jambo la kumwachia mtoto ayavumilie ili aonekane jasiri, kwa maana mtoto anayeogopa maumivu huvuta pumzi fupi fupi, na pumzi fupi huacha sehemu za chini za mapafu bila hewa ya kutosha, jambo linalofungua njia ya homa ya mapafu. Ndiyo maana wauguzi humpa dawa za maumivu kwa saa maalumu bila kusubiri alie, humfundisha kukumbatia mto anapotaka kukohoa, humpa mapovu ya sabuni ayapulize kama mchezo, na humtembeza mapema. Upungufu wa pumzi unaotokea ghafla ni dharura, kwa kuwa katika baadhi ya upasuaji wa namna hii hewa huweza kupenya kati ya pafu na ukuta wa kifua na kulibana pafu.

Upande wa kichwani, kazi ya siku za mwanzo ni kuhakikisha kwamba ngozi imelala juu ya kiunzi na kukishika. Daktari huweka mirija midogo inayofyonza damu na hewa kutoka chini ya ngozi, na ufyonzaji huo huivuta ngozi iingie katika mabonde yote yaliyochongwa. Damu ikijikusanya hapo, ngozi huinuka, hukosa lishe na huweza kufa, na gegedu lililo chini yake hufichuka na kupata maambukizi. Kwa sababu hiyo mirija haiondolewi kwa haraka. Hukaa siku kadhaa, na mtoto huzuiwa kuigusa hata kama inamkera. Katika siku hizo hizo mtoto huweza kuwa na kichefuchefu kinachotokana na nusukaputi na kufunga choo kwa sababu ya dawa kali za maumivu na woga wa kujikamua, hivyo uji, matunda na maji ya kutosha huwa na nafasi yake katika tiba.

Mtoto anaporudi nyumbani, adui wa kwanza wa sikio jipya ni mgandamizo. Anapaswa kulala chali au kwa ubavu wa upande usiofanyiwa upasuaji, kichwa kikiinuliwa kidogo, na kwa kuwa watoto hujigeuza usingizini, madaktari wengi humpa kikombe laini cha kulikinga sikio usiku. Katika nyumba ambayo watoto hulala wawili au watatu kitanda kimoja, ni busara kumtenga aliyefanyiwa upasuaji kwa wiki kadhaa, kwa maana kiwiko kimoja cha ndugu yake usiku kinaweza kuharibu kazi ya saa nyingi. Nguo za kufunga vifungo mbele ni bora kuliko fulana ya kupitishwa kichwani, na kofia, mtandio au hijabu inayobana haifai mpaka daktari airuhusu. Mtoto asibebeshwe ndoo ya maji wala kuni kichwani, asibebe begi zito la shule, na asimbebe mdogo wake mgongoni, kwa sababu mizigo hiyo huchosha pia kifua ambacho bado hakijaunga.

Usafi hufuata maelekezo ya hospitali aliyotibiwa, kwa kuwa kila timu ina utaratibu wake wa kubadilisha bandeji na kutoa nyuzi, lakini mambo kadhaa hayabadiliki: anayegusa kidonda anawe mikono kwa sabuni, maji ya kuoga yasifike penye bandeji mpaka ruhusa itolewe, na kisipakwe kitu ambacho daktari hakukiagiza, yawe majivu, mafuta au majani yaliyotwangwa, hata kama jirani anaapa kwamba vilimponya mwanawe. Watoto wengi huweza kurudi darasani baada ya wiki 2 hivi, ila mbio, mpira na michezo ya kugombania huahirishwa kwa wiki 4 hadi 6, na mingine zaidi ya hapo. Mwalimu anapaswa kujulishwa kabla mtoto hajarudi, ili amlinde wakati wa mapumziko na awaeleze wenzake jambo lenyewe kwa maneno mepesi.

Zipo dalili ambazo mlezi hapaswi kuzisubiri mpaka siku ya kliniki, nazo ni homa, uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua, maumivu yanayorudi baada ya kuwa yametulia, usaha au harufu mbaya, ngozi ya sikio inayogeuka nyeusi au kupauka kuliko ilivyokuwa, na kitu cheupe kinachoonekana penye kidonda, ambacho huenda kikawa gegedu lililofichuka. Sehemu ndogo iliyofichuka ikiwahiwa huweza kutibiwa kwa dawa au kufunikwa upya, ilhali maambukizi yaliyoachwa huweza kulila gegedu na kuliharibu umbo zima.

Wazazi huhitaji pia kujiandaa kwa mwonekano wa mwanzo, kwa maana sikio linalofunuliwa bandeji si lile walilolitarajia. Huwa limevimba, limebadilika rangi na limelala bapa kichwani, na mikunjo yake huanza kuonekana vizuri kadiri uvimbe unavyopungua katika miezi inayofuata. Katika utaratibu wa hatua 2, takribani miezi 6 baadaye mtoto hurudi hospitalini ili sikio liinuliwe kutoka kichwani, liwekewe kipande cha gegedu cha kulishikilia kwa nyuma, na lifunikwe mgongoni kwa ngozi iliyochukuliwa kichwani au kwenye kinena. Uuguzi ule ule huanza tena, safari hii ukihusu pia mahali ngozi ilipotolewa. Hisia nazo hurudi polepole na pengine zisikamilike, kwa hiyo katika kipindi hicho mtoto huweza kuungua kwa chuma cha kunyooshea nywele, kwa moto wa jiko au kwa jua kali bila kuhisi haraka, na wasusi na vinyozi hawana budi kuelezwa. Kulitoboa sikio hilo kwa ajili ya herini ni jambo la kuamuliwa na daktari, si la kufanywa mtaani.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki liko jambo linalostahili uzito wa pekee, nalo ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya kidonda kilicholianzisha. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa na makovu haya zaidi, na kifua na sikio ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza. Familia yenye historia ya makovu ya namna hiyo inapaswa kuitaja mbele ya daktari kabla ya upasuaji, kisha iangalie kovu kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, kwa maana keloidi huweza kuchelewa kujitokeza. Kovu linaloanza kuwasha, kuwa gumu na kuinuka hutibiwa kwa urahisi zaidi likiwa changa, kwa sindano za dawa aina ya steroidi, kwa mabamba ya silikoni au kwa kuligandamiza, kuliko likiachwa mpaka liwe kubwa. Na kulikata tu bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi.

Jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote ni usikivu. Watoto wengi wenye mikrotia huwa pia hawana mfereji wa sikio ulio wazi, hivyo sauti haifiki vizuri kwenye kiwambo na vifupa vitatu vya sikio la kati, yaani nyundo, fuawe na kikuku, ingawa sikio la ndani, linalogeuza mitetemo kuwa ishara za neva, kwa kawaida huwa zima. Upungufu huo mara nyingi hufikia desibeli 40 hadi 60, na kwa kuwa mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60, sikio hilo hupata kidogo sana. Kujenga sikio la nje hakubadilishi hali hiyo hata kidogo. Kinachosaidia ni kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa fuvu moja kwa moja hadi sikio la ndani, ambacho mtoto mchanga huweza kuvalishwa kwa mkanda laini wa kichwani, na mkubwa zaidi huweza kuwekewa mfupani kwa upasuaji, mradi mahali pa kukiweka papangwe pamoja na daktari atakayejenga sikio ili ngozi anayoihitaji isikatwe. Mtoto anayesikia kwa sikio moja husumbuka kujua sauti inatoka wapi na kufuata maneno penye kelele, kwa hiyo darasani akae mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu, na barabarani afundishwe kutazama pande zote mbili badala ya kutegemea kusikia. Sikio hilo moja linalosikia nalo lichunguzwe mara kwa mara na litibiwe mapema linapopata maambukizi.

Kinachobaki ni kupona kwa nafsi, ambako hakuna tarehe ya kutoa nyuzi. Mtoto aliyezoea kutaniwa huweza kutarajia kwamba sikio jipya litanyamazisha kila mtu, akavunjika moyo anapoona bado anaulizwa maswali, au anapogundua kwamba masikio yake mawili yanafanana lakini si sawasawa. Ndiyo sababu inapendekezwa kwamba mtoto mwenyewe ashirikishwe katika uamuzi, aelezwe mapema kuhusu maumivu, makovu na hatua zote, na asilazimishwe kwa sababu tu wazazi wanaona aibu. Mtoto anayeutaka upasuaji na kuuelewa hushirikiana zaidi katika kulitunza sikio lake, na asiyeutaka bado ana njia nyingine, kama vile kuvaa sikio la bandia au kuishi na sikio alilozaliwa nalo bila kudhurika.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii hana sababu ya kumficha wala ya kungoja umri wa upasuaji bila kufanya lolote. Ampeleke mapema kupimwa usikivu, aombe rufaa kwenda kwa bingwa wa masikio na bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji aulize ni nani atakayemfuatilia mtoto baada ya kutoka hospitalini, kwa gharama gani na kwa muda gani, kwa maana sikio lililojengwa vizuri na kukosa ufuatiliaji huweza kupotea, na familia inayopanga miezi ya uuguzi kama inavyopanga siku ya upasuaji ndiyo inayompa mtoto nafasi bora ya kubaki nalo maisha yake yote.