Nilitaka Kiwanja, Nikauziwa Ziwa!

Wiki hii tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, nikusimulie nilivyoingizwa mjini. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini ukimaliza kusoma, hiyo laki tano yako ishike vizuri.

Kisa kilianza mwezi wa Januari, jua la kaskazi linawaka, vumbi tupu. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumechanga vijisenti vyetu, tumechoka kupanga chumba kimoja huku Ng'ambo. Tukaunganishwa na dalali mmoja mchangamfu, maneno yake matamu kuliko haluwa. Akatupeleka kwenye uwanda nje kidogo ya mji, akapiga hatua kwa miguu yake mwenyewe, akachomeka vijiti vinne. "Wanangu, hapa vyumba vitatu, baraza, na mbele mnaegesha gari!" Gari lenyewe hatuna, lakini raha ilitupanda kichwani. Karatasi ikaandikwa kwa mkono, mashahidi wawili wakatia saini, tukatoa kishika uchumba cha laki tano.

Nyumbani, bibi akauliza kiwanja kiko wapi. Tulipomwelekeza, akaguna. "Hapo si ndipo tulipokuwa tukilima mpunga? Mjukuu wangu, mpunga haulimwi kilimani."

Basi bwana, nikaona ni maneno ya wazee. Lakini usingizi haukuja. Asubuhi nikamfuata mshkaji wangu mmoja aliyesomea mambo ya ramani. Akafungua kompyuta, akanionyesha kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka jasho linanitoka.

Kitu hicho wataalamu wanakiita mfumo wa taarifa za kijiografia, kwa kifupi GIS. Usiogope jina. Umewahi kuziona manda za sambusa zilivyopangwa moja juu ya nyingine? Ndivyo inavyofanya kazi. Manda ya kwanza ni picha ya ardhi kutoka angani. Ya pili ni miinuko na mabonde. Ya tatu ni barabara na mitaro, ya nne ni mipaka ya viwanja, ya tano ni mpango wa mji: hapa makazi, hapa skuli, hapa pasijengwe. Kila kitu kimefungwa na namba za mahali pake duniani, kwa hiyo ukizipanga manda hizo, kila kitu kinakaa juu ya mwenzake bila kuteleza. Mawazo hayo si ya jana. Roger Tomlinson alianza kuyafanyia kazi huko Kanada miaka ya 1960, serikali ya kule ilipotaka kujua ardhi yake kubwa inafaa kwa nini.

Mshkaji akaweka picha, kiwanja chetu kikaonekana kikavu kama kaukau. Akaweka manda ya miinuko. Loo! Tulikuwa katikati ya bonde, maji ya pande tatu yanashukia kwetu. Si kiwanja hicho, ni sahani ya supu!

Picha zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo Zanzibar inapostahili makofi. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyetu kwa vindege visivyo na rubani, Unguja na Pemba. Kamisheni ya Ardhi ilikuwemo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kilikuwemo, na Benki ya Dunia ikatia mkono. Vijana wa SUZA, rika letu hili hili, walifundishwa kuvirusha. Kindege kinapita huku na huku kama mtu anayefyeka shamba, kinapiga maelfu ya picha zinazopandiana, kisha kompyuta inaziunga ziwe picha moja. Usafi wa picha ni kwamba nukta moja ni sentimita chache tu za ardhi. Paa la bati unaliona, mwembe unauona, na msingi ulioanza kumwagwa jana unauona.

Kwa nini ni jambo kubwa? Kwa sababu mji unakwenda mbio kuliko kalamu ya mchoraji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, na wengi wamebanana Mkoa wa Mjini Magharibi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa wananchi. Miaka imepita, wajukuu wamekata eka zile vipande vipande, na vipande vikauzwa kwa hatua za miguu kama nilivyouziwa mimi. Ramani ya karatasi ikichorwa leo, kesho imeshapitwa na wakati.

Na ramani za karatasi tumekuwa nazo tele! Mji huu ulipangwa na Lanchester mwaka 1923, ukapangwa na Kendall mwaka 1958, wakaja Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, wakafuata Wachina mwaka 1982. Mji Mkongwe nao ukapata mpango wake wa hifadhi miaka ya 1990, kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Ramani haishiki ukuta, jamani. Ramani inasema tu, anayetakiwa kusikia ni mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Mfumo uwe mzuri vipi, ukikaa ofisini peke yake ni pambo. Dalali hauoni, mnunuzi hauoni, sheha anatia mhuri bila kuuona. Tunauona siku gani? Siku alama ya X inapopigwa kwenye ukuta wako.

Na inawezekana kufanya vingine. Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na Jiji la Amsterdam na jumuiya ya African Architecture Matters, ilipoifanyia kazi Ng'ambo, haikuishia kwenye nyumba na barabara. Waliangalia pia sehemu zenye maana kwa wenyewe wanaoishi pale, na mwaka 2019 kikatoka kitabu cha ramani, Ng'ambo Atlas. Bibi yangu na mpunga wake naye ni manda moja, msomaji. Kompyuta ilikuja kuthibitisha tu alichokijua siku zote.

Masika yalipofika tulikwenda kuangalia. Vijiti vyetu vinne havikuonekana, vyura wanaimba taarabu. Dalali simu imezimwa. Sisi tumepoteza laki tano, tunamshukuru Mungu. Lakini pembeni palikuwa na mama mmoja aliyekwisha jenga. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yamefika magotini, godoro kaliweka kichwani. Hakulia, hakututazama. Yule hakupoteza kishika uchumba, amepoteza jasho lake lote. Manda ile ya mabonde ilikuwepo siku alipomwaga msingi. Hakuna aliyemwonyesha.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayechanga. Ardhi Zanzibar ni mali ya umma, unachopata ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina karatasi zake. Kabla hujatoa senti, chukua namba za mahali kwa simu yako. Hazitoshi kupimia mpaka, maana simu hukosea mita kadhaa, lakini zinatosha kukuonyesha uko kwenye manda gani. Nenda nazo Kamisheni ya Ardhi, nenda kwa watu wa mipango miji, uliza: hapa pamepangiwa nini, na maji yanapita wapi? Ukikataliwa jibu, uliza tena. Kisha muulize mzee wa mtaa palikuwa panalimwa nini.

Akikwambia mpunga, mshkaji, kimbia!