Jinsi Mitandao ya Simu Inavyoshirikiana, na Faida Yake kwa Mwananchi

Mkazi wa Marangu anapompigia ndugu yake aliyeko Kahe, huenda simu hiyo ikapita katika mitandao ya makampuni mawili kabla ya kuita. Mnara ulio karibu huipokea na kuifikisha kwenye mtambo wa kampuni yake. Mtambo huo huikabidhi kwa mtambo wa kampuni ya pili, nao humtafuta ndugu huyo mahali alipo. Yote hufanyika kwa sekunde chache bila mkono wa mtu. Makabidhiano hayo si hisani: yamewekewa masharti katika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Fedha nazo zilifuata njia hiyo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016.

Hata hivyo, ushirikiano huu una mipaka, nayo huonekana wazi kwenye miteremko yetu. Migongo ya milima na mabonde ya Kibosho, Uru na Marangu huzuia mawimbi. Mtu akishuka bondeni, simu huhama yenyewe kwenda mnara mwingine wa kampuni ile ile, au hushuka kutoka 4G hadi 2G. Haihamii kampuni nyingine ya nchini isipokuwa kampuni hizo zimekubaliana.

Dharura ina utaratibu wake. Katika mfumo wa GSM, simu iliyokosa mtandao wake imeundwa kuomba njia kwenye mnara wa kampuni yoyote mara mtu anapopiga 112. Kwa hiyo, kioo kikionyesha kuwa simu za dharura tu ndizo zinazowezekana, usikate tamaa: piga 112, namba ya Polisi. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji ni muhimu pia, ila huenda simu yako isiitambue kuwa ya dharura pale mtandao wako unapokosekana.

Mpakani hutokea jambo jingine. Kuelekea Holili, simu iliyoruhusiwa kutumia mitandao ya nje inaweza kujiunga yenyewe na mnara wa Kenya, na gharama ikapanda bila mwenyewe kujua. Wananchi wanashauriwa:

1. Kuzima matumizi ya data nje ya nchi katika mipangilio ya simu;
2. Kuchagua mtandao wao wenyewe badala ya kuiachia simu ichague;
3. Kusoma jina la mtandao kwenye kioo kabla ya kupiga.

Mwenye malalamiko ya huduma ayafikishe kwanza kwa kampuni yake. Asiporidhika, aende TCRA Kanda ya Kaskazini, Arusha. Vitongoji visivyo na mawimbi viorodheshwe kwa Mtendaji wa Kata, ili maombi yapelekwe kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.