Ukuta wa Chumba cha Mvuke

Marumaru peke yake haizuii mvuke. Maji yanayomwagika huteleza juu yake, lakini mvuke ni gesi: hupenya grauti ya saruji, ukaingia kwenye mota, kisha kwenye tofali. Ndani ya chumba cha mvuke joto hufika nyuzi 45 za Selsiasi na hewa imeshiba unyevu. Nje, usiku wa Julai huko Nachingwea, hewa ni ya baridi na kavu zaidi. Tofauti hiyo husukuma mvuke utoke, nao ukipoa katikati ya ukuta hugeuka maji. Chumba cha pili ndicho huonyesha dalili: rangi inabanduka na lipu inatoa chumvi nyeupe. Kujifukiza kwa nyungu na blanketi hakuna hasara hiyo, lakini nyumba ya wageni inayotaka chumba kizima cha mvuke haina budi kuufikiria ukuta kwanza.

Kazi huanzia nyuma ya marumaru. Iwe tofali ni la kuchoma au la saruji, hupigwa lipu ya saruji. Na saruji haitoki mbali, kwa kuwa kiwanda cha Dangote cha Mtwara kinazalisha tangu 2015. Juu ya lipu iliyokauka hupakwa utando wa kuzuia unyevu, mikono miwili au zaidi, huku pembe zikiwekewa wavu. Hapa wengi hukosea dukani. Rangi inayozuia maji si lazima izuie mvuke, kwa hiyo maelezo ya kopo yasomwe hadi yataje mvuke wenyewe. Utando upande hadi darini bila kukatika.

Dari ya jipsam haifai kabisa, kwani hulainika ikikaa kwenye unyevu. Dari bapa nayo hudondosha matone ya baridi juu ya migongo ya watu. Hupewa mwinamo wa sentimeta 16 hivi kwa kila mita, ili matone yafuate ukuta. Bafu la Kidichi huko Unguja, lililojengwa mwaka 1850 enzi za Seyyid Said, lina kuba, na umbo hilo huyashusha maji pembeni vivyo hivyo.

Katika kuchagua marumaru, rangi ni jambo la mwisho. Porselini hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Marumaru nyingi za kawaida za ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Kipimo cha dukani ni rahisi: igeuze marumaru, dondoshea maji mgongoni. Tone likifyonzwa mara moja na kuacha doa jeusi, hiyo irudi kwenye boksi. Sakafuni zinafaa vipande vidogo visivyong'aa, maana mistari mingi ya grauti hushika unyayo.

Ruangwa, jirani na Nachingwea, ina mawe yake, na kishawishi cha kuyatumia kipo. Lakini mwamba wa huko wenye kinywe (grafaiti) una tabaka zinazochanika na uso wenye utelezi ambao mota huushika kwa shida. Mara nyingi huwa pia na madini ya chuma na salfa, ambayo yakilowa huacha madoa ya kutu.

Baadhi ya mafundi huweka madonge matano ya mota nyuma ya kila marumaru, wakaibandika na kuigonga. Sebuleni hilo hupita. Kwenye mvuke, uwazi kati ya madonge hujaa maji, na marumaru ikigongwa kwa kucha hulia kama mtungi. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno hadi ifunike angalau asilimia 95 ya mgongo wa marumaru. Kwenye pembe isijazwe grauti bali silikoni: ukuta wa mita tatu, joto likipanda nyuzi 25, hutanuka takriban nusu milimita, na grauti haina mahali pa kukimbilia isipokuwa kupasuka.

Grauti ya epoksi hainyonyi maji, ndiyo maana bei yake huvumilika. Ila huganda upesi kwenye joto la Oktoba. Huchanganywa kidogo kidogo, asubuhi, na mabaki yafutwe kabla hayajakauka, kwani yakishakauka huondoka kwa kukwangua tu. Iliyobaki ni subira: saruji ipewe siku 28, kisha jiko la mvuke liwashwe kwa moto mdogo, likiongezwa siku hadi siku.